Kabla hujasaini mkopo wa kusomea afya ya akili: hesabu ya mshahara na deni kwa mwanafunzi wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na moyo wake uko kwenye kuwahudumia wagonjwa wa akili, waraibu wanaotaka kuacha dawa za kulevya, au watoto na wanawake waliodhalilishwa. Ni wa mzazi wake pia, kwa sababu deni la masomo kwetu halimkai mtu mmoja. Kazi yenyewe inahitajika mno visiwani. Kwa sababu inahitajika, ndiyo maana inaumiza kumuona mhitimu mzuri akiiacha baada ya mwaka mmoja na kwenda kuuza simu, kwa kuwa mshahara hautoshi makato na chakula. Mara nyingi hesabu ya kumuepusha na hilo ilikuwa ya saa mbili tu, na haikufanywa.

Chukua karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu. Tunaanzia kwenye kazi, kisha tunarudi nyuma hadi chuoni. Wengi hufanya kinyume: wanachagua chuo, wanaomba mkopo, wanasoma, halafu ndiyo wanauliza kazi iko wapi.

Hatua ya 1: Andika jina la cheo, si jina la fani

"Nataka kusomea saikolojia" hakutoshi. Andika cheo kama kinavyoandikwa kwenye tangazo la ajira. Ndani ya afya ya akili kuna milango kadhaa, na kila mmoja una bei yake na mshahara wake.

Muuguzi wa afya ya akili huanza na uuguzi wa kawaida, kwa stashahada au shahada, halafu hubobea. Mwanasaikolojia tiba kwa kawaida anahitaji shahada ya uzamili; Muhimbili, kwenye chuo kikuu cha MUHAS, wanaifundisha. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili hupita udaktari wa miaka 5, mwaka 1 wa utarajali (kazi ya mafunzo hospitalini baada ya chuo), kisha ubingwa wa miaka 3, na hiyo ni mbali na muda wa kusubiri nafasi. Kuna afisa ustawi wa jamii, ambaye utamkuta kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowahudumia waliodhalilishwa. Kuna mshauri nasaha. Kuna mtaalamu wa tiba kwa kazi, anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli za kila siku, fani inayofundishwa KCMC Moshi. Na kuna wanaofanya kazi na waraibu kwenye soba hausi, yaani nyumba za kuachia dawa za kulevya, na kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini, iliyoko hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja.

Ukishaandika cheo, tafuta majibu ya maswali mawili. La kwanza: je, cheo hicho kimo kwenye muundo wa utumishi wa Serikali ya Mapinduzi, yaani orodha yake ya vyeo na sifa zinazotakiwa, na muundo unataka cheti gani hasa? Pitia matangazo ya Tume ya Utumishi Serikalini ya mwaka mmoja au miwili nyuma, usome mstari wa "sifa za muombaji" neno kwa neno. Ukiona wanataka "shahada ya uuguzi" na wewe unakusudia shahada ya jumla ya saikolojia, hutafika hata kwenye usaili, hata ukiwa na ufaulu wa juu kabisa. La pili: je, kazi hiyo inataka leseni? Muuguzi lazima asajiliwe, na Zanzibar ina Baraza lake la Wauguzi na Wakunga mbali na lile la Tanzania Bara. Kama unakwenda kusoma Dodoma au Dar es Salaam na nia yako ni kurudi Wete, peleka jina la chuo na la kozi kwa Baraza la Zanzibar kabla ya kulipa ada, uulize kama wanaitambua.

Halafu hakikisha kozi yenyewe. Za shahada ziangalie kwenye mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, na za stashahada kwa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Lisilokuwamo humo liache, hata kama chuo kina jengo zuri na ada nafuu.

Kosa la kawaida hapa ni kudhani kuwa shahada yoyote yenye neno "saikolojia" inafungua wodi ya hospitali. Shahada ya kwanza ya saikolojia ina thamani yake kwenye skuli, taasisi za jamii, miradi na utafiti. Kutibu ni jambo jingine. Kama nia yako ni kutibu, hesabu gharama ya uzamili tangu leo, au pita njia ya uuguzi au udaktari.

Hatua ya 2: Pata mshahara wa kweli

Usichukue mshahara kutoka kwenye picha zinazosambazwa WhatsApp. Viwango hubadilika: Mei 2025, kwa mfano, ilitangazwa kuwa kima cha chini cha watumishi wa Serikali ya Muungano kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, na jedwali lolote la kabla ya hapo likapitwa. Zanzibar ina viwango vyake, na vya Bara si vyake.

Tafuta watu watatu walioajiriwa kwenye cheo chako ndani ya miaka 3 iliyopita: mmoja serikalini, mmoja kwenye taasisi isiyo ya kiserikali, mmoja kwenye hospitali au kituo binafsi. Usimuulize mtu "unapokea ngapi?", maana swali hilo linamkera na jibu lake halikufai. Muulize: "Mtu anayeanza leo kwenye nafasi kama yako, mshahara wa msingi ni kiasi gani, na kwenye hati ya mshahara kuna mistari gani ya makato?" Mtu akiulizwa hivyo kwa adabu hujibu.

Na hati yenyewe isome hivi. Mstari wa juu ni mshahara wa msingi. Chini yake posho, kama zipo: za zamu, za nyumba, za mazingira. Kisha makato: mchango wa ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar), kodi ya mapato, bima, chama cha wafanyakazi, bodi ya mikopo, na mkopo wa benki kama yupo anayedaiwa. Mstari wa mwisho ni kinachoingia mkononi. Kwenye hesabu yetu tunahitaji namba mbili tu: wa msingi na wa mkononi. Posho ziweke pembeni kabisa. Zamu za usiku hupangwa na kupanguliwa, na deni halisubiri zamu.

Jihadhari na mshahara wa mradi. Taasisi inaweza kumlipa mshauri nasaha vizuri kuliko serikali, lakini mkataba ni wa mwaka mmoja, na mfadhili akiondoka mshahara unaondoka naye. Kwa mtu wa mradi, tunashauri uhesabu miezi 9 ya malipo katika kila miezi 12.

Kuna na wale wanaopanga kufungua ofisi yao ya ushauri. Ni nia njema, lakini kwenye karatasi ya miaka miwili ya mwanzo mapato ya ofisi yaandike sifuri. Kwetu familia yenye mgonjwa wa akili mara nyingi hutangulia kwa sheikh kumsomea au kwa mganga, na wanapofika hospitali wamezoea huduma ya serikali. Kumlipa mtu kwa saa moja ya mazungumzo bado ni jambo geni. Wateja wa kulipa wapo, lakini huja taratibu, na wengi hupitia mikataba na skuli, hoteli na mashirika.

Hatua ya 3: Jumlisha gharama yote, pamoja na ile isiyoandikwa na chuo

Barua ya udahili itakuonesha ada na michango. Bado kuna dakhalia au chumba cha kupanga, chakula, sare, vifaa, kompyuta, uchapaji wa utafiti, bima ya afya, na nauli. Mwanafunzi wa Micheweni au Mkoani anayesoma SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kampasi ya Tunguu au Mbweni, ana boti au meli kila likizo; anayesoma Bara ana boti, basi na mizigo. Hesabu safari 4 kwa mwaka, si 2. Kuna sikukuu, kuna msiba, kuna mafunzo ya vitendo.

Mafunzo ya vitendo ndiyo shimo kubwa la fani hii. Wodi za akili ni chache, kwa hiyo mwanafunzi hupelekwa wodi ilipo. Anaweza kupangiwa Kidongo Chekundu, naye anaishi kwa mama yake Chake. Au chuo cha Bara kinampeleka hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, wiki kadhaa. Chumba chako cha chuoni unaendelea kukilipia, na huko unapanga kingine. Muulize mratibu wa kozi, siyo ofisi ya udahili: ni wiki ngapi kwa mwaka, wapi, na nani analipa malazi? Zidisha na uandike.

Mwenye kupanga mjini Unguja ajue pia kuwa wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu hadi sita mbele. Fedha hiyo inatakiwa mwezi wa kwanza, kabla mkopo haujaingia.

Hatua ya 4: Jua unakopa wapi na kwa masharti gani

Mzanzibari ana milango miwili ya serikali. Upo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Upo wa HESLB, bodi ya Muungano. Soma tangazo la kila moja la mwaka husika, linganisha vipengele wanavyolipia, uchague. Usipange bajeti yako kwa kudhani kozi moja italipiwa na zote mbili.

Masharti ya HESLB kwa ufupi: mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, au kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi. Kuna muda wa miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla ya kutakiwa kuanza kulipa. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilivimbisha deni kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Hili la mwisho ni jambo kubwa kwa familia za Kizanzibari zilizokuwa zikisita kwa sababu ya riba. Kwa mkopo wa Bodi ya Zanzibar, kiwango cha marejesho, muda wa kusubiri na wajibu wa mdhamini vimo kwenye mkataba. Vinakili kwa mkono wako kwenye karatasi hii kabla ya kusaini, na mdhamini naye avisome.

Fedha ya kujikimu ya HESLB, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, imekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022/23. Kwa siku 60 ni 600,000. Haihesabu likizo ndefu, na mara nyingi muhula huanza kabla haijaingia. Weka akiba ya chakula na nauli ya wiki 6 kwa kila mwanzo wa mwaka. Asiye na akiba hiyo hukopa kwa watu wa mikopo ya simu, na deni hilo dogo ndilo ghali kuliko yote.

Kwenye maombi, kinachowaangusha wengi wa visiwani ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohammed, cheti cha skuli kinasema Mohamed, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinasema Muhamed. Au Khamis na Hamis. Au majina matatu huku na mawili kule. Mfumo unawaona watu tofauti. Rekebisha kwanza, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar mapema, siyo wiki ya mwisho ya dirisha la maombi. Aliyefiwa na mzazi ahakikishe na cheti cha kifo, kwa kuwa kinaathiri kiwango atakachopangiwa. Barua ya sheha nayo iwe na mhuri na tarehe.

Sasa deni la tatu, ambalo halina mkataba. Baba ni mwalimu, amechukua mkopo wa benki wa miaka 5 kulipia ada. Mjomba ametoa milioni. Mama ameweka rehani mikarafuu. Haya yote ni madeni yako, na tofauti na bodi, hayakupi miezi 24 ya kupumua. Yaandike kwa jina na kiasi. Kama mjomba amesema ni sadaka, andika sadaka. Kama hakusema, muulize sasa, maana kuulizana baada ya mshahara wa kwanza huvunja udugu.

Hatua ya 5: Hesabu yenyewe

Namba zifuatazo ni za mfano. Ondoa zetu, weka zako.

Asha anachukua shahada ya uuguzi ya miaka 4 kwa mkopo wa HESLB. Bumu kwa siku 240 kwa mwaka ni 2,400,000. Ada ni 1,500,000, na amepangiwa asilimia 60 yake, yaani 900,000. Vitabu na mafunzo ya vitendo 200,000. Jumla kwa mwaka ni 3,500,000, na kwa miaka 4 ni 14,000,000. Anatarajia mshahara wa msingi wa 800,000. Asilimia 15 ni 120,000. Gawa 14,000,000 kwa 120,000: miezi 117, yaani miaka 9 na miezi 9.

Salum anachukua shahada ya saikolojia ya miaka 3 kwa mpango uleule. Deni lake ni 10,500,000, dogo kuliko la Asha kwa milioni tatu na nusu. Anapata kazi kwenye kituo binafsi kwa msingi wa 500,000. Asilimia 15 ni 75,000. Gawa: miezi 140, yaani miaka 11 na miezi 8.

Itazame vizuri hesabu hiyo. Mwenye deni dogo analilipa kwa muda mrefu zaidi, na kila mwezi anabaki na kidogo zaidi. Kwenye mfumo wa makato ya asilimia, ukubwa wa deni hauamui maumivu ya mwezi. Mshahara ndio unaoyaamua, na deni linaamua miaka. Kwa hiyo kupunguza deni kwa kuchagua kozi fupi si ushindi kama kozi hiyo inakupeleka kwenye mshahara wa chini. Na upande wa pili: kuongeza mwaka mmoja wa masomo kunafaa pale tu mwaka huo unapokuhamisha cheo kwenye muundo wa utumishi. Mwaka wa ziada usiobadilisha cheo ni deni tupu.

Sasa mwezi wa Asha. Msingi 800,000. Tuseme ZSSF na kodi kwa pamoja ni 130,000, na bodi 120,000. Mkononi 550,000. Chumba Unguja mjini 120,000. Chakula 180,000. Daladala na simu 70,000. Kwa wazazi 80,000. Limebaki 100,000. Humo ndani mna nguo, harusi, hitima, dawa na akiba. Inawezekana, bila anasa. Lakini ongeza deni la mjomba la milioni 2 linalotakiwa ndani ya mwaka mmoja, yaani karibu 167,000 kwa mwezi, na Asha ameshazama. Kilichomzamisha ni deni la mjomba, lisiloandikwa popote, na bodi haihusiki.

Salum, na msingi wa 500,000, akiondoa tuseme 55,000 za ZSSF na kodi na 75,000 za bodi, anabaki na 370,000. Akiwa nyumbani kwa wazazi Chake, anaishi. Akipanga Unguja, haishi. Mahali utakapokaa baada ya kuhitimu kuna uzito sawa na kozi yenyewe, na watu wa Pemba wana nafuu hapa ambayo hawaihesabu.

Kipimo tunachokitumia: baada ya makato yote, chumba, chakula na nauli, kibakie angalau asilimia 15 ya kinachoingia mkononi. Kwa Asha, 100,000 kati ya 550,000 ni asilimia 18 hivi, basi anapita. Chini ya hapo, badilisha kitu kabla ya kusaini: chuo cha karibu na nyumbani, cheo kingine, au mkataba mpya na mjomba.

Hatua ya 6: Hesabu miezi ya kusubiri

Baina ya mahafali na mshahara wa kwanza kuna pengo. Muuguzi wa shahada ana utarajali. Baadaye kuna kusubiri tangazo, usaili, uhakiki wa vyeti, na wengi hujitolea kwa nauli tu. Andika hali tatu: ajira baada ya miezi 6, miezi 18, na miezi 36. Kwa kila moja jibu: nani ananilisha, na naweza kufanya kazi gani ya muda kwa cheti nilichonacho?

Kwenye hali ya miezi 36, muda wa miezi 24 wa HESLB umeshapita. Usijifiche. Deni halifutiki kwa kunyamaza, na mwajiri akishakuajiri anatakiwa kuiarifu bodi ndani ya siku 28. Aliye na kipato kidogo cha kujiajiri aende ofisini mwenyewe, aeleze hali yake na apange malipo.

Njia ya stashahada kwanza

Hii tunaipendekeza kwa familia isiyo na akiba, na tungependa iheshimiwe zaidi kuliko ilivyo. Kijana amalize kidato cha nne na masomo ya sayansi, aingie stashahada ya uuguzi ya miaka 3, aajiriwe, kisha apande shahada akiwa kazini.

Linganisha na mwenzake aliyekwenda kidato cha tano. Miaka 2 ya kidato cha tano na sita, 4 ya shahada, 1 ya utarajali: miaka 7 tangu kidato cha nne. Wa stashahada amemaliza mwaka wa 3. Akisubiri ajira mwaka mmoja, anakuwa na miaka 3 ya mshahara kabla ya mwenzake kuanza. Kwa msingi wa mfano wa 600,000, miezi 36 ni 21,600,000 kabla ya makato. Tena ana miaka ya kazini kwenye ZSSF, na akipewa ruhusa ya masomo yenye mshahara, shahada yake inaweza kumgharimu ada na vitabu tu.

Gharama yake ni kwamba miaka ile 3 ya stashahada mara nyingi hulipwa kwa fedha taslimu ya nyumbani. Kwa mfano wa 3,500,000 kwa mwaka ni 10,500,000, na mzazi anatakiwa kuwa nazo au kuzipata kwa awamu. Na ruhusa ya masomo si haki ya siku ya kwanza: uliza mwajiri anataka miaka mingapi ya utumishi kabla ya kuitoa, na kama atakutaka urudi kufanya kazi kwake miaka kadhaa baada ya masomo. Wako pia waliozama kwenye majukumu ya nyumba na shahada ikabaki ndoto. Weka mwaka wa kuomba ruhusa tangu mwanzo, uuandike.

Ukiona takwimu za Marekani

Ndugu aliye ng'ambo anaweza kukutumia kurasa zinazoonesha mapato na madeni ya wahitimu wa "huduma za afya ya akili". Chanzo chake mara nyingi ni College Scorecard ya serikali ya Marekani. Zisome kwa tahadhari. Mapato yale ni ya mtu wa katikati ukiwapanga wahitimu kwa mpangilio wa kipato, na huhesabu waliopata msaada wa masomo wa serikali kuu ya kule. Deni linaloandikwa ni mikopo ya serikali kuu. Mikopo ya benki binafsi haimo. Kundi lenyewe ni pana: limechanganya washauri wa uraibu, ustawi wa jamii wa kitabibu, washauri wa ndoa na familia, na wengineo. Na kule mshauri anayetibu kwa kujitegemea kwa kawaida anahitaji uzamili na maelfu ya saa za kazi chini ya msimamizi, kwa sheria ya jimbo lake.

Hivyo shahada ya mtandaoni ya Marekani, inayolipiwa kwa dola na kutumiwa Zanzibar kwa mshahara wa shilingi, karibu kila mara haihesabiki. Kabla ya kulipa hata senti, uliza TCU kama wataitambua, na Baraza la taaluma yako kama watakusajili.

Hatua ya 7: Baada ya kuajiriwa

Mwezi wa kwanza wa mshahara ingia kwenye akaunti yako ya bodi, chapisha taarifa ya deni na uihifadhi pamoja na mkataba wa kazi. Angalia jumla inalingana na fedha ulizopokea kweli. Muhula ulioahirisha, au mwaka uliobadilishiwa kozi, ndipo makosa hukaa.

Kila miezi 3 linganisha hati ya mshahara na taarifa ya bodi. Makato yakiwa kwenye hati lakini hayamo kwenye taarifa, mwajiri hajapeleka. Mwandikie barua, nakala kwa bodi, ukiambatanisha hati za mshahara. Hii hutokea zaidi kwa waajiri wadogo, na asiye na hati hana la kusema, kwa hiyo usitupe hata moja.

Usikimbilie kulimaliza deni la bodi kwa mkopo wa benki. Deni lisilokua lilipwe kwa mwendo wake. Fedha ya ziada ipeleke kwanza kwa mjomba, kisha kwenye akiba ya miezi 3 ya matumizi, kisha kwenye ada ya kujiendeleza. Na benki ikikushawishi mkopo wa pikipiki mwezi wa pili wa ajira, kumbuka kuwa makato ya bodi yameshachukua sehemu ya mshahara wako, na waajiri wa serikali hawaruhusu mtumishi abaki na chini ya theluthi moja.

Deni likimalizika, omba barua ya kuthibitisha kuwa umelipa lote, na mpelekee mwajiri nakala siku hiyohiyo ili makato ya mwezi unaofuata yasimame. Yakiendelea, dai kurejeshewa kwa maandishi. Ambatanisha hati ya mshahara ya mwezi ule na barua ya bodi.